Beji Iliyobaki Ukutani

Beka mwanangu,

Umeniuliza mara tatu tangu juzi kwa nini sikusindikizi Mombasa, na mara zote tatu nimekujibu kwamba tuna hesabu ya mafaili kazini. Hakuna hesabu ya mafaili. Leo ni Jumamosi, chumba cha eksirei kimefungwa, nami niko peke yangu hapa masjala, nimekaa kwenye meza yangu na nimechomoa karatasi kwenye daftari ambalo si langu. Nyumbani ungeniona naandika na ungetaka kusoma kabla sijamaliza. Nyanya yako amekuja kutoka Wenje kukufungia mizigo, kwa hiyo habari za sabuni na shuka na jinsi ya kufua sare nimemwachia yeye. Atakuambia zote, na atazirudia mpaka basi litakapoondoka.

Sikusindikizi kwa sababu Dhahabo amenikataza nisifike kwake.

Ndiyo, huyo huyo unayemwita Anti, aliyekutafutia nafasi chuoni, ambaye utalala kwake mpaka upate kitanda bwenini. Wewe hajakukataza. Amesema mtoto aje. Lakini kabla hujafika mlangoni kwake nataka ujue nilichomfanyia, ukijue kutoka kwa mkono wangu, kwa sababu ninavyomjua yeye hatakuambia.

Unajua kwamba nilikuzaa nikiwa kidato cha tatu. Usilolijua ni kwamba mwaka huo nilikuwa nimeandika kwenye fomu ya shule kuwa nataka kusomea eksirei. Nilikuwa nimevunjika mkono utotoni, nikapelekwa Hola, na mtu aliyenipiga picha akaniinulia ile filamu dirishani nikauona mfupa wangu mwenyewe. Sikusahau. Ulipozaliwa, nyanya yako alikuchukua nikarudi shule, nikamaliza, lakini alama zilinipeleka kwenye cheti cha kutunza kumbukumbu za hospitali. Nilishukuru. Watu wengi wa umri wangu hawakupata hata hicho. Nikaletwa hapa Garsen, na kwa bahati nikapewa meza iliyo ukuta mmoja na chumba cha eksirei. Ukuta mmoja, Beka. Nilisikia kila siku sauti ya Dhahabo ikimwambia mgonjwa, "Vuta pumzi. Zuia. Haya, pumua."

Yeye ni mdogo wangu kwa mwaka mmoja na ushee. Baba yake alikuwa na ng'ombe upande wa Chewele, akauza wengine ili binti asome. Nilikuwa nikilifikiria jambo hilo zaidi ya inavyofaa. Nilijiambia: mimi nilikuwa na akili kama yake, sikuwa na ng'ombe tu. Kumbe hata hiyo haikuwa kweli, maana nyanya yako alifanya zaidi ya kuuza ng'ombe. Mtu mwenye wivu huchagua anachokumbuka.

Kazi yangu iliyonikutanisha na chumba kile ilikuwa beji. Sasa utazijua vizuri kuliko mimi, lakini nikueleze nilivyozijua. Kila anayefanya kazi na mashine huvaa kifuani beji ndogo ya plastiki inayonasa mionzi inayomfikia. Baada ya miezi kadhaa karani huzikusanya, huziandika kwenye daftari, na kuzituma Nairobi zikasomwe, ndipo ijulikane kama mtu amepata mionzi kupita kiasi. Hapa zilikuwa beji sita. Tano zilikuwa na wenyewe. Ya sita haikuwa na mtu. Ilikaa kwenye kopo ndani ya kabati langu, mbali na mashine, ili wanaosoma walinganishe nayo zile nyingine. Mimi sikuwa na beji, kwa kuwa karani hahesabiwi kuwa mtu wa mionzi. Siku moja, watu wakiwa wameenda chakula, niliitoa ile ya sita nikaibandika kifuani na kujitazama kwenye kioo cha dirisha. Niliirudisha upesi kama mwizi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na mtoto wa darasa la tatu.

Kisha ukaja mwaka wa korona.

Wewe unaukumbuka kama mwaka shule zilipofungwa ukaja kukaa na mimi. Mimi naukumbuka kwa harufu ya klorini. Mabasi ya kutoka Nairobi yalisimamishwa, na beji zikakwama kwenye kabati langu mwezi baada ya mwezi. Uani liliwekwa hema la wagonjwa waliotengwa, na mashine ndogo ya magurudumu ikawa inasukumwa mpaka mlangoni kwa hema. Hakuna aliyekuwa amefundishwa kazi ya namna ile. Je, aproni ya risasi, ile nzito ya kuzuia mionzi, ikifutwa kwa klorini itapasuka? Beji ivaliwe juu ya gauni la plastiki au ndani yake? Ikitoka kwa mgonjwa, nani aishike? Mimi nilivaa glavu mbili na bado nilizishika beji kwa ncha za vidole, kama mtu anayeokota mdudu.

Watu wa kinga ya mionzi nchi nzima walikuwa na maswali hayo hayo, na kwa kuwa hawakuweza kusafiri wakaanza kukutana kwenye simu kila Alhamisi saa nane. Dhahabo aliingizwa. Mtandao wa hapa unaujua. Palipokuwa na mtandao wa kutosha ni ngazi ya tangi la maji, kipandio cha nne kutoka chini, basi kila Alhamisi alikaa pale juani na mtandio wake na barakoa, simu mkononi. Dirisha langu linaangalia tangi, na nilimsikia kila mtu. Kulikuwa na mwenyekiti wao mcheshi sana. Siku picha ya Dhahabo ilipoganda akiwa mdomo wazi, yule bwana alisema, "Jamani, Garsen aliambiwa azuie pumzi. Nani atamwambia apumue?" Wakacheka kutoka Kisumu mpaka Lamu. Dhahabo akacheka mpaka karibu aanguke ngazini. Mimi nilikuwa chini, napiga mihuri.

Sasa ile kamba. Unaikumbuka kamba ya nyanya yako yenye mafundo? Maji ya mto yakipungua baada ya mafuriko mipaka ya mashamba huwa haionekani, na wanawake wa Wenje hupima upya kwa kamba, fundo kwa fundo, ili pasiwe na ugomvi. Wiki moja watu walikuwa wakisongamana mlangoni kwa hema, jamaa wa mgonjwa na wauguzi na yeyote aliyepita, mashine ikipiga na hakuna aliyejua asimame wapi. Nikamwambia Dhahabo, "Si tuweke kamba? Fundo la kwanza, jamaa wasivuke, kwa ajili ya korona. Fundo la mbali zaidi, wafanyakazi wasimame hapo wakati wa kupiga, kwa ajili ya mionzi. Hata asiyejua kusoma ataelewa." Alinitazama akapiga makofi. "Mama Beka, wewe ungekuwa mwalimu wetu!" Jioni nilileta kamba kutoka nyumbani, ya nyanya yako hasa, na tukaipima pamoja, yeye akihesabu hatua na mimi nikifunga.

Alhamisi iliyofuata akawaeleza wenzake ile kamba akiwa kwenye ngazi. Walifurahi mno. Mwenyekiti akasema, "Garsen wametushinda sisi wa mjini." Mmoja akauliza, "Na hili wazo umelipata wapi, dada?" Nikaacha muhuri nikasikiliza. Dhahabo akasema, "Aa, tumeangalia tu mazingira yetu huku." Basi.

Aliposhuka alinijia moja kwa moja, kabla sijasema neno. "Dada, nimesahau kukutaja! Niwie radhi. Alhamisi ijayo nitawaambia." Nikamwambia si kitu. Na Alhamisi iliyofuata kweli aliwaambia, lakini mtandao ulikuwa unakatika, na sauti yangu ya ndani ilisema amengoja makusudi siku ya mtandao mbaya. Fikiria mtu kumlaumu mwenzake kwa mtandao wa Garsen.

Wewe wakati huo ulikuwa umeanza kushinda kwenye veranda ya eksirei. Alikuwa akikupa filamu za zamani unaziinua juani. Nilikuwa natoka na mafaili nikamsikia akikuuliza, "Huyu ana nini?" Ukajibu, "Ubavu wa tano, Anti. Umevunjika zamani, ukaunga." Akakuambia, "Mashallah, jicho hili!" Na wewe ukasema, sauti nzuri, ya juu, bila kujua niko nyuma yako, "Mimi nataka kuwa kama wewe."

Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Hukufanya kosa lolote. Lakini nilitaka useme hivyo kuhusu mimi, na nilijua hakuna mtoto atakayesema hivyo kuhusu mtu wa kupiga mihuri.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumanne alfajiri mgonjwa wa hema alizidiwa, Dhahabo akampiga picha mara mbili, akarudi mbio chumbani, akavua aproni akaitundika kwenye ndoano ya ukutani, na kabla hajapumzika akaambiwa yule mgonjwa amepatikana na korona. Basi Dhahabo akapelekwa karantini nyumbani kwake siku kumi na nne. Alitoka kwa mlango wa nyuma bila kugusa kitu. Beji yake, namba nne, ilibaki imebanwa kwenye aproni, na aproni ikabaki kwenye ndoano, hatua tatu kutoka mashine.

Niliiona saa tatu asubuhi nilipopeleka fomu. Nilisimama mlangoni nikaiona kabisa, na namba yake.

Kazi yangu ilikuwa rahisi. Kuichukua, kuiweka kwenye kopo, na kuandika kwenye safu ya maelezo: imesahaulika chumbani, kuanzia siku fulani. Maneno machache. Siku ile ya kwanza niliogopa, nakuambia ukweli. Aproni ilikuwa imetoka kwa mgonjwa wa korona na wewe ulikuwa nyumbani. Lakini mfanyakazi wa usafi aliifuta mchana huo huo. Siku ya pili sikuwa na hofu tena. Alikuja mtaalamu wa akiba kutoka Hola, mwenye beji yake, akafanya kazi ndani ya chumba kile kutwa nzima, na kila mashine ilipolia nilijua beji namba nne inakula mionzi ikiwa ukutani. Nilijiambia, wacha. Wacha wale wa Alhamisi waone kwamba hata yeye husahau. Nilifikiri ataulizwa, ataaibika kidogo, basi. Niliitazama siku kumi na nne. Ya kumi na nne niliitoa, nikaifuta kwa spiriti, nikaandika tarehe na namba kwa mwandiko wangu mzuri, na safu ya maelezo nikaiacha tupu.

Wale watu wa Alhamisi walikuwa wamepata njia ya kusafirisha beji: zilipakiwa kwenye gari lililopeleka sampuli za korona, katika sanduku lake. Nilizifunga mwenyewe.

Majibu yalirudi. Namba nne ilikuwa imepita kiwango.

Mwaka mwingine wowote afisa wa kinga ya mionzi angekuja mwenyewe. Angeingia chumbani, angeuliza aproni inatundikwa wapi, angemwita yule wa usafi, na kabla ya chai ya saa nne angekuwa amejua. Mwaka ule kila kitu kilifanyika kwa simu. Mganga mkuu aliiweka simu mezani, sauti wazi, afisa akiwa upande wa pili, na sisi tukakaa mbali mbali na barakoa zetu. Dhahabo alikuwa ng'ambo yangu.

"Dada, beji uliwahi kuiacha chumbani?"

"Bwana, sikumbuki. Siku ile nilitoka kwa haraka. Muulizeni karani, yeye ndiye mwenye daftari."

"Karani, hujambo? Daftari liko mbele yako?"

"Liko, bwana."

"Soma safu ya maelezo, namba nne."

"Iko tupu, bwana."

"Tupu kabisa?"

"Tupu."

Sikusema uongo hata neno moja. Nilijifariji na hilo kwa muda mrefu. Na Dhahabo akatikisa kichwa kukubali, akasema, "Kama yeye amesema tupu, basi ni tupu. Huyu dada hakosei."

Alitolewa kwenye mashine kwa miezi mingi. Nafasi ya kusomea uafisa wa kinga ya mionzi, ambayo wale wenzake walikuwa wamempendekeza, ilikwenda kwa mwingine. Yeye aliipata miaka miwili baadaye, ndiyo iliyompeleka Mombasa. Na unajua alipowekwa hiyo miezi? Masjala. Kwenye meza hii. Tulikaa pamoja, yeye kwenye kiti cha wageni, akiandika majina ya wagonjwa. Alileta chai ya maziwa kwenye thamosi na alinimiminia mimi kwanza. Nilikuwa nimemshusha mpaka kwenye kiti changu na bado nilimwonea wivu, kwa jinsi alivyokalia hicho kiti bila kulalamika.

Hapo nilikuwa na nafasi kila siku. Kila asubuhi nilisema leo. Sikusema, kwa sababu ningefukuzwa, na wewe ulikuwa unakaribia kuingia kidato cha kwanza. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Ukitaka kujua hofu ilipoishia na wivu ulipoanzia, hata mimi siwezi kukuonyesha.

Yule afisa alimwambia kwenye simu, mara mbili, kwamba kiwango kile hakimzuii kuzaa. Nilimsikia kwa masikio yangu. Nikafikiri jambo limeisha. Sikufikiri mtu anavyolala na karatasi ya majibu kama ile.

Mwezi uliopita ulirudi kutoka kwake ulipoenda kujiandikisha. Ulikuwa unakata sukumawiki jikoni, ukaniambia tu, kama habari, "Mama, unajua kwa nini Anti Dhahabo hana mtoto? Anaogopa. Alipigwa na mionzi hapa Garsen mwaka wa korona. Kila mwaka anamwambia mumewe wangoje kidogo." Kisha ukacheka kidogo ukasema, "Ameniambia mimi namtosha."

Nitakuambia nilichosikia kwanza moyoni, ingawa ni aibu. Sikusikia majuto. Nilisikia wivu. Mimi namtosha. Nilitaka kukuuliza: na mimi? Nilizima jiko nikatoka nje, na nikiwa uani, nikitazama kuku wa jirani, ndipo maneno yale mengine yakanifikia. Miaka mitano mwanamke analala na hofu ya kitu ambacho hakikuugusa mwili wake. Kiligusa ukuta.

Jumatatu ya wiki hii nililitoa lile daftari la zamani kwenye stoo. Sikuijaza ile safu. Daftari lililofungwa halijazwi, sharti hilo angalau sikulivunja. Niliandika maelezo kwenye karatasi ya peke yake, kwa tarehe ya siku hiyo, nikaeleza niliiona lini na niliitoa lini na kwa nini sikuandika. Nilitia sahihi nikampa mganga mkuu. Aliisoma amesimama. Akauliza, "Umelala vizuri jana?" Nikamwambia hapana. Akasema ataituma inakopaswa kwenda. Sijajibiwa. Huenda utakapokuwa huko nikawa sina tena meza hii, na ikitokea, usidhani ni kwa ajili ya ada yako au kwa kosa lako. Ni mambo ya safu moja tupu.

Jumatano nilimpigia simu. Alipokea kwa furaha.

"Mama Beka! Mtoto ameshapata viatu?"

"Dhahabo, nataka kukuambia habari ya beji namba nne."

"Beji gani tena?"

"Ya mwaka wa korona. Ulipokuwa karantini ilikuwa ukutani, kwenye aproni. Niliiona."

"Uliiona lini?"

"Siku ya kwanza."

"Na ya pili?"

"Na ya pili. Mpaka ya kumi na nne."

"Uliihesabu?"

"Niliihesabu."

Nilisikia nyuma yake mtu akiita mgonjwa anayefuata. Akasema polepole, "Kwa hiyo haikuwa mimi."

"Haikuwa wewe. Ulikuwa kwenu umelala."

"Miaka mitano namwambia mume wangu tungoje, Mama Beka. Miaka mitano."

Nikaanza kulia. Akasema, "Usilie. Usinililie kwenye simu, niko kazini." Kisha akauliza, "Kwa nini?"

"Wivu."

"Wivu wa nini? Wa ile kamba?"

"Wa kamba. Na wa Beka."

Alivuta pumzi, na nikamngoja aiachie. Sikumsikia akiiachia. Akasema, "Mtoto aje. Yeye hana kosa. Wewe usije. Si sasa." Simu ikakatika.

Saa moja baadaye alituma ujumbe, mstari mmoja: "Mwambie aje na viatu vya kufunika vidole, huku hawaruhusu sandali." Ndiyo maana nilikwenda sokoni Alhamisi na kukununulia vile vyeusi ukasema havipendezi. Vivae.

Sikuombi unisemee kwake. Usinibebee salamu za kuomba msamaha, na akiamua kunyamaza kuhusu mimi, nyamaza naye. Ukimwona ana hasira usidhani ni yako, na ukimwona hana, usidhani imekwisha. Huenda akaniruhusu mwakani, huenda asiniruhusu. Hilo si la kwako kulipatanisha.

Wala sikuombi umpende kidogo ili mimi nibaki na zaidi. Nimelifikiria hilo, nisikufiche. Jumatatu atakushika mkono kwenye lango la chuo, mahali pa mama, na watu watadhani ni mama yako, na nyote wawili hamtakuwa na haja ya kuwasahihisha. Mimi nitakuwa hapa napiga mihuri. Nakuonea wivu hata wewe, Beka, umesikia? Koti jeupe ni la kwako, na jicho lile, na ile fomu niliyoijaza nikiwa kidato cha tatu umeijaza wewe ikakubaliwa. Nimefurahi mpaka najishangaa, na nina wivu, na vyote viwili vimekaa kwenye kiti kimoja. Siku hizi ukinijia wivu nainuka, natafuta kazi ya kushika mikononi, hata kufagia, mpaka upungue. Sijapata njia nyingine. Zamani nilikaa kimya nikauangalia ukifanya kazi yake, siku kumi na nne.

Sanduku lako nyanya yako amelifunga kwa ile kamba ya mafundo. Mimi sikumtuma. Ameniambia ndiyo kamba imara pekee ndani ya nyumba, na ni kweli. Dhahabo akiitambua, mwache aitazame. Akitaka kubaki nayo, mpe.

Watakapokupa beji, itatoka kwa mkono wa karani. Muulize jina lake, ulikumbuke, na ulitaje. Na kuna siku utaisahau kwenye aproni. Kila mtu huisahau. Utakapokumbuka, hata ukiwa umeshafika nyumbani na umevua viatu, rudi siku hiyo hiyo, itoe ukutani, na usimame mbele ya yule karani mpaka uone ameandika.

Mama yako,
Esta, karani, Garsen